Tajiri Amekaa Nyuma: Yoga katika Vitabu vya Kale vya Kisanskriti

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa yoga jijini Dar es Salaam, Jumamosi moja jioni, walipomaliza mazoezi yao. Nimeyaandika upya kutoka kichwani, nikapunguza kukohoa na kujirudia.

Bi Mwenyekiti, wageni waalikwa, na ninyi vijana ambao bado mnajifuta jasho, nawasalimu nyote.

Nilipoingia nimewakuta mikono chini, miguu chini, makalio juu. Dada mmoja pale nyuma akawa ananitazama kupitia katikati ya miguu yake, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa kichwa chini. Nikajisemea, hawa wenzangu wana nguvu. Mimi goti langu la kushoto lilistaafu kabla yangu, kwa hiyo msitegemee nipinde kitu leo. Nimeitwa nieleze vitabu vya kale vya India, vya lugha ya Kisanskriti, vinasema nini kuhusu hili mnalolifanya, na naanza na habari itakayowaudhi kidogo: mkao ule niliowakuta nao haumo katika Yogasutra ya Patanjali, kitabu maarufu cha kale cha yoga. Wala hamna mkao mwingine wowote uliotajwa humo kwa jina.

Tuanze na neno lenyewe. Yoga linatokana na mzizi yuj, ambao maana yake ni kumfunga mnyama kwenye gari au kwenye jembe. Sisi tungesema kufunga nira. Katika Rigveda, tenzi zilizotungwa zaidi ya miaka 3000 iliyopita, wanaofungwa nira ni farasi wa magari ya vita. Mle hakuna mkeka wala muziki wa taratibu. Kuna vumbi, kamba za ngozi, na farasi asiyetaka kufungwa. Mshikeni farasi huyo vizuri, maana tutaenda naye mpaka mwisho.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii ni Katha Upanishad, kimoja cha zile Upanishad, vitabu vya mafundisho ya kiroho, nacho kilitungwa karne kadhaa kabla ya Kristo. Kinaanza na ugomvi wa nyumbani. Mzee mmoja alikuwa anatoa mali yake yote sadaka. Mwanawe, Nachiketas, bado mtoto mdogo, akasimama kuangalia ng'ombe wanavyoswagwa. Akaona ni ng'ombe waliokwisha kunywa maji yao ya mwisho, wakala nyasi zao za mwisho, wakakamuliwa maziwa yao ya mwisho. Baba anatoa vigofu halafu anataka thawabu. Watu wa namna hiyo mnawajua. Msibani ndio wanaoleta mchele wenye wadudu. Mtoto akauliza, "Baba, na mimi utanitoa kwa nani?" Baba akanyamaza. Akauliza tena, na tena. Mara ya tatu mzee akachemka: "Nakutoa kwa Mauti!"

Neno la mzazi likishatoka limetoka. Mtoto akaenda mpaka nyumbani kwa Yama, ambaye ndiye Mauti, akakuta mwenyewe hayupo. Akangoja siku tatu, usiku na mchana, bila kula. Yama aliporudi aliingiwa na haya, maana mgeni kulala njaa nyumbani kwako ni jambo zito kule kama lilivyo zito kwetu. Akamwambia: kwa siku tatu ulizokaa bila chakula, chagua mambo matatu.

La kwanza mtoto aliomba hasira ya baba yake ipoe. La pili aliomba afundishwe ibada ya moto. La tatu akauliza: mtu akifa, wengine wanasema yupo, wengine wanasema hayupo, niambie ukweli. Hapo Mauti mwenyewe akaanza kukwepa. Akamwahidi wana na wajukuu watakaoishi miaka 100, ng'ombe, tembo, dhahabu, mashamba, warembo wenye magari na ala za muziki, chochote, ila hilo asiulize. Mtoto akamjibu kwamba hayo yote yanakwisha kesho: baki na farasi wako, baki na ngoma zako na nyimbo zako. Mimi nimesoma vitabu vingi vya falsafa, sijakutana na mwanafunzi mkaidi kuliko huyu.

Yama alipoona hana njia akafundisha, na katikati ya somo akatoa mfano wa gari. Nafsi, alisema, ndiye mwenye gari. Mwili ndio gari lenyewe. Akili inayopambanua mambo ndiye dereva. Mawazo ndiyo hatamu. Macho, masikio, ulimi na hisi nyingine ndio farasi, na vitu vya dunia ndizo njia wanazopita. Dereva akiwa mzembe na hatamu zimelegea, farasi wanakwenda wanakotaka wao.

Tuutazame mfano huu kwa karibu, maana una jambo ambalo wengi hulipita. Mwenye gari haendeshi. Anaonekana hafanyi kitu. Madereva wa daladala wana neno lao kwa mtu wa namna hiyo, wanamwita tajiri. Gari ni la tajiri, lakini usukani hashiki, na abiria wengine hata hawajui kama yupo. Dereva anakimbiza, konda anapiga kelele, gari linapita mitaro, na jioni hesabu inapelekwa kwa tajiri. Kwa mujibu wa Katha, wengi wetu tunaishi tukidhani sisi ni farasi. Wachache wenye majivuno tunadhani sisi ni dereva. Na tajiri amekaa nyuma, kimya.

Na wale wa umri wangu mnakumbuka "Chama kushika hatamu". Basi hapa mwenye kushika hatamu ni akili. Mawazo hayashiki chochote, mawazo ni kamba tu.

Karibu na mwisho wa kitabu hicho ndipo linapokuja neno yoga likiwa na maana wazi: kuzishika hisi zikatulia imara, hiyo ndiyo wanayoiita yoga. Mara tu baada ya hapo kitabu kinaonya kwamba mtu awe macho wakati huo, maana yoga huja na huondoka. Kwa hiyo ukitulia leo kesho ukapigana na kondakta kwa ajili ya chenji, usishangae. Vitabu vilishalijua hilo.

Upanishad nyingine, Shvetashvatara, inatoa maelekezo ya vitendo. Tafuta mahali tambarare na safi, pasipo na kokoto, moto wala changarawe. Kifua, shingo na kichwa vinyooke. Pumzi ishushwe ipite puani taratibu, na mwenye busara ayazuie mawazo kama gari lililofungwa farasi watukutu. Mnaona, farasi bado yumo. Halafu kinataja dalili za mwanzo kwamba yoga inamwingia mtu: mwili kuwa mwepesi, afya, kutokuwa na uroho, uso kung'aa, sauti nzuri, harufu nzuri, na haja ndogo na kubwa kupungua. Msicheke. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa anafanya mazoezi kweli, akajichunguza mpaka chooni.

Sasa nawauliza: bei ya pikipiki mnaitaja kwa nini? Kwa laki. Laki mbili, laki tano. Neno hilo limefika pwani na wafanyabiashara kutoka India, na asili yake ni la Kisanskriti, laksha, 100,000. Wahindi wenyewe husema kwamba Mahabharata, utenzi wao mkuu, una beti laki moja. Ndani ya utenzi huo, katika kitabu cha sita, mna beti 700 zinazojulikana kama Bhagavad Gita, na zimejengwa juu ya gari. Safari hii gari ni la kweli.

Majeshi mawili ya ndugu wa ukoo mmoja yanatazamana. Arjuna, mpiga upinde hodari, anamwambia dereva wake alisogeze gari katikati ya majeshi aone anapigana na nani. Dereva ni Krishna. Arjuna anatazama, anaona babu zake, walimu wake, wajomba, binamu. Kinywa kinamkauka. Mwili unatetemeka, nywele zinasimama, ngozi inamwaka, upinde unamponyoka. Kisha mwisho wa sura ya kwanza, wakati wote wanamsubiri, anautupa upinde pamoja na mishale yake na anakaa chini ndani ya gari.

Kile kitendo cha kukaa nakiomba tukiweke akiba. Nitakirudia.

Krishna anazungumza naye sura 17 zinazofuata, na neno yoga linageuzwageuzwa humo mpaka mtu anapata kizunguzungu. Yoga ni kuwa sawasawa katika kupata na kukosa. Yoga ni ustadi katika kazi. Una haki juu ya kazi, juu ya matunda yake huna. Wanazuoni wamegombana juu ya maneno hayo kwa karne nyingi, na mimi sitawaamua. Nitasema hili tu, kwamba Gita inaikataa ile njia ya mkato ya kukimbilia msituni. Krishna hamruhusu mtu yule ashuke garini.

Katika sura ya sita ndipo linapotajwa tendo la kuketi. Kiti kisiwe juu sana wala chini sana, kitandikwe majani ya kusha, ngozi, na kitambaa. Asiyefaa kwa yoga ni anayekula mno na asiyekula kabisa, anayelala mno na anayekesha. Arjuna analalamika: mawazo yana ukaidi na nguvu, kuyazuia ni kama kuuzuia upepo. Krishna, na hapa ndipo nampenda, anakubali. Anasema ndiyo, ni magumu kuyashika, lakini yanashikika kwa mambo mawili, abhyasa na vairagya.

Abhyasa ni kurudiarudia. Vairagya lina utamu wake. Ndani yake mna neno raga, ambalo maana yake ni rangi, na pia ni shauku, maana shauku hutia moyo rangi kama kitambaa kinavyotiwa. Vairagya ni hali ya rangi hiyo kutoka. Chukueni khanga mpya inayochuja: ndoo ya kwanza maji mekundu, ya pili mekundu, na mama anaendelea kufua bila kugombana na rangi. Siku moja maji yanatoka meupe. Watu hutafsiri vairagya kama kuichukia dunia, na mimi sioni chuki mle. Naona kufua.

Maneno hayo mawili, kwa mpangilio uleule, yamo pia kwa Patanjali, na huko nilipelekwa kwa mkono.

Nilisoma Pune, India, kama Watanzania wengi wa rika langu. Ni mji ambako wanazuoni walikaa wakilinganisha miswada ya Mahabharata tangu 1919 hadi 1966. Mimi nilikwenda kusoma mambo mengine kabisa. Nyumba ya jirani alikaa bibi mmoja mjane, tulikuwa tukimwita Aji, yaani bibi kwa Kimarathi, na alikubali kunifundisha Kisanskriti kwa malipo ya kubebewa mtungi wa gesi. Siku ya kwanza alinikalisha sakafuni, magoti yangu yakasimama juu kama masikio ya sungura. Kitabu kilikuwa Yogasutra. Sutra ya kwanza ni maneno mawili: atha yoganushasanam. Sasa, mafundisho ya yoga. Aji alinizuia kwenye atha wiki nzima. "Sema sasa." Nikasema sasa. "Umesema sasa, lakini unawaza chakula." Kweli nilikuwa nawaza chakula.

Sutra maana yake ni uzi. Patanjali, yapata mwaka 400 baada ya Kristo, aliusokota uzi wenye sentensi 195, nyingine fupi kuliko methali. Ya pili ndiyo maarufu: yogash chitta vritti nirodhah. Yoga ni kuzituliza vritti za moyo wa mtu. Vritti ni mizunguko, vile mawazo yanavyojizungusha kama maji ya mto kwenye mwamba. Zipo tano: ujuzi sahihi, ujuzi wa makosa, maneno matupu yasiyo na kitu nyuma yake, usingizi, na kumbukumbu. Angalieni kwamba usingizi umehesabiwa humo. Kwa hiyo ndugu yangu aliyekoroma wakati wa kupumzika, pole, ile ilikuwa vritti ya nne.

Katika sentensi 195, zinazozungumzia mkao ni tatu. Ya kwanza ina maneno mawili, sthira-sukham na asanam: mkao uwe imara na wa raha. Ya pili inasema upatikane kwa kulegeza juhudi, na mawazo kuyatuliza kwenye kisicho na mwisho. Ya tatu inasema hapo joto na baridi, na vingine vinavyopingana hivyo, havikupigi tena. Basi, imekwisha. Asana linatokana na mzizi as, kukaa. Na Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko lugha nyingi, maana sisi tukisema kukaa tunamaanisha kuketi na pia kuishi. Unakaa wapi? Nakaa Temeke. Aji alipoona ninajivuta magoti kwa nguvu alinigonga bega kwa kidole. "Usivute. Kaa." Nilidhani ananikataza fujo tu. Miaka baadaye, nikisoma ile sutra ya pili, nikagundua alikuwa anaifasiri.

Mkao ni wa tatu katika viungo vinane vya Patanjali. Kabla yake kuna yama, ambayo hapa si yule Mauti bali ni kujizuia, na niyama, nidhamu ya nafsi. Baada yake pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kuyaelekeza mawazo mahali pamoja, kutafakari, na samadhi, yaani utulivu kamili wa mawazo. Yama ni tano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujihifadhi na zinaa, kutojilimbikizia. Patanjali anasema ni nadhiri kuu isiyo na mipaka ya kabila, mahali wala wakati, na ufafanuzi wa kale unaoambatana na kitabu chake unatoa mfano wa mtu aliyeiwekea mipaka. Mnajua ni nani? Mvuvi. Anasema: mimi sidhuru kiumbe, ila samaki tu. Nimekulia Kilwa, mfano huo ulinichoma. Nilimtetea mvuvi mbele ya Aji kwa nguvu zote, nikasema watoto watakula nini. Hakunijibu. Alifunga kitabu, akaenda kuchemsha chai, na mjadala huo mimi bado ninao.

Sura ya tatu inaahidi maajabu: kuelewa sauti za wanyama, kutoonekana, kuwa na nguvu za tembo. Wako wanaoisoma hiyo tu. Patanjali mwenyewe anayaita vizuizi katika samadhi, nami sitayaongezea neno.

Mwili ulikuja kupewa nafasi kubwa baadaye, katika vitabu vya hatha, kuanzia yapata karne ya 11. Hatha ni nguvu, kulazimisha. Maarufu kuliko vyote ni Hathapradipika ya Svatmarama, ya karne ya 15, yenye mikao 15, mingi ni ya kuketi. Shavasana yenu imo: kulala chali kama maiti, huondoa uchovu. Humo pumzi ndiyo hatamu mpya. Pumzi ikitikisika mawazo hutikisika, ikitulia hutulia. Kinasema pia kwamba robo ya tumbo iachwe tupu. Waislamu mliopo mmeshakumbuka hadithi ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Na kinasema waziwazi kwamba kuvaa mavazi ya yoga na kusimulia habari za yoga hakumfikishi mtu popote. Hilo la pili linanihusu mimi niliyesimama hapa.

Gheranda Samhita, kilichofuata, kina mikao 32, na kinaufananisha mwili na chungu kibichi kilichowekwa majini. Kitameguka tu. Kichomwe kwanza kwa moto wa yoga. Aliyewahi kuona mama zetu wakichoma vyungu anajua kwamba kinachopasuka ni kile kilichokuwa na unyevu ndani. Yale mafululizo ya kulisalimia jua mnayoyafanya alfajiri yalienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mtawala wa Aundh, huko India, na mengi ya kuruka na kujinyoosha yalisukwa Mysore, hukohuko India, miaka ya 1930 chini ya mwalimu wa yoga Krishnamacharya. Sisemi hayafai. Nasema anayekwambia yana miaka 5000 anakuuzia mkeka.

Kijana mmoja amenipa swali kwenye karatasi: Mwalimu, je, mtu wa dini nyingine akisoma vitabu hivi ana kosa? Ndugu yangu, fatwa sina. Nina habari ya Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyezaliwa Khwarazm, Asia ya Kati, mwaka 973. Alijifunza Kisanskriti, akakitafsiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu, akakipanga kwa maswali na majibu. Nakala yake ilipatikana Istanbul, ikachapishwa 1956. Alipokuwa haafikiani na Wahindi alisema, na bado aliona inafaa waeleweke kwa maneno yao wenyewe. Karibu miaka 1000 baadaye mimi naifanya kazi hiyohiyo kwa Kiswahili, tena kwa ujuzi mdogo kuliko wake.

Swali la mwisho ni la yule dada wa nyuma: asiyeweza kujikunja aanzie wapi? Mjukuu wangu huniuliza hivyo pia. Nawarudisha kwa Arjuna, ambaye kukaa kwake nilikuweka akiba, na kwa yule mtoto wa Katha. Arjuna alikaa chini kwa sababu ameshindwa, na mafundisho yote ya Gita yanamkuta pale alipokaa. Nachiketas alifika kwa Mauti akakuta mwenyeji hayupo. Kitabu hakisemi alifanya nini siku zile tatu. Hakisemi alilia, hakisemi alisali, hakisemi alipinda mguu. Mimi nadhani alikaa tu.

Na mwenyeji wake aliona haya kwa sababu ya njaa ya mgeni. Naona sufuria ya chai imeingia na vitumbua vinapoa, Bi Mwenyekiti, kwa hiyo nisikutie wewe katika haya hiyo.